Chanjo hii mkabidhini somo

Mmeuliza wiki hii: vijana waliokwisha toka skuli tuwavute vipi wakachanjwe chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi? Mimi ni mama wa hapa Wete, na jibu langu ni hili: kazi hiyo mpeni somo wa bi harusi, yule mwanamke anayemfunda binti kabla ya ndoa.

Shangazi yangu alificha damu zaidi ya mwaka. Alikuwa keshakoma hedhi, akaona haya kusema. Chumbani kwake chetezo hakikupoa: udi asubuhi, udi adhuhuri, udi usiku. Wageni wakimsifu kwa chumba kunukia. Siku niliyomsaidia kutandua kitanda ndipo nilipoijua harufu iliyokuwa ikifukiziwa. Tulivuka naye bahari mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, amekalia kanga zilizokunjwa mara nne. Tulikuwa tumeshachelewa.

Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukipata wakati fulani maishani. Aghalabu mwili hukitoa wenyewe. Kikiganda, huchukua hata miaka 15 au 20 kugeuka saratani, bila maumivu wala dalili. Chanjo huzuia, haikiondoi kilichokwisha ingia. Ndiyo maana wakati wake mzuri ni kabla ya ndoa.

Nchini kwetu ilianza kutolewa 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Wale wa 2018 ndio wanaoposwa leo. Aliyechomwa ya kwanza akaikosa ya pili asidhani imepotea: huko Kenya, wasichana wa miaka 15 hadi 20 waliopewa sindano moja walikingwa kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za kirusi hiki, zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hii. Ambaye hajachomwa kabisa na ameshafika miaka 21, Shirika la Afya Duniani linashauri sindano mbili.

Lakini binti wa miaka 19 akienda peke yake kuulizia, watu humtazama: anaitakia nini? Bi harusi hatazamwi hivyo. Somo humfundisha mambo ambayo mama mzazi hayatamki, na neno lake halipingwi nyumbani. Akiuliza “Mwanangu, umechanjwa?” posa ikishakubaliwa tu, asingoje usiku wa hina, hakuna atakayenong'ona. Na amwambie pia kuwa hata aliyechanjwa anahitaji kupimwa mlango wa kizazi akifikia umri wake.

Wanaosema inafunga kizazi, nawaomba wasikilize. Ndani ya sindano hamna kirusi kizima, ni maganda yake tu. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, na mionzi yake, na kutolewa fuko la uzazi.

Mabwana harusi nao wasikae pembeni. Wao hukibeba kirusi na kukipitisha bila kujua, nacho huweza kuwaletea wao wenyewe saratani ya koo na ya uume.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 20, ndoa yake ni Mfungo Tatu. Somo wake nimeshazungumza naye, na Jumatatu tunakwenda sote watatu hospitali kuiulizia.

Msomaji, Wete, Pemba