Wanajua kanuni, wakifungua mdomo wanakosea: nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninafundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda. Wengi wametoka Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo. Wanasema Kiswahili, na waliobahatika kusoma walisoma kwa Kifaransa. Nimewafundisha nyakati zote 12 kwa majedwali, na zoezi la kujaza nafasi wanapata 8 kati ya 10. Lakini tukitoka nje mmoja ananiambia "I have seen him yesterday", mwingine "I have tired". Nirudie kanuni tangu mwanzo? Na je, ni vibaya kueleza sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili? Msimamizi wangu anataka Kiingereza kitupu.

JIBU: Habari ni njema, mwalimu. Kanuni usizirudie. Anayepata 8 kati ya 10 ameshazielewa. Ukizirudia atapata 9, na makosa atatoka nayo yaleyale.

Tazama jinsi zoezi la kujaza nafasi linavyomdekeza mwanafunzi. Kitenzi kimewekwa kwenye mabano, kichwa cha ukurasa kimemwambia ni wakati gani, na ana dakika nzima ya kufikiri. Siku akiwa mbele ya nesi anaeleza mtoto alianza kuharisha lini, vyote hivyo havipo. Inabidi achague maana kwanza, kisha umbo, kwa pumzi moja. Hilo hajawahi kulifanyia mazoezi. Jedwali linafundisha umbo. Maana inaachwa ijitafutie njia.

Makosa mawili uliyoyataja yanafanana kwa sura tu. Chanzo chake ni tofauti, na dawa pia.

La kwanza, "I have seen him yesterday", limesukumwa na lugha mbili. Aliyesoma Bukavu au Bunia amezoea kusema "je l'ai vu hier". Kifaransa cha mazungumzo kinatumia umbo hilo kwa tendo la asubuhi, la jana na la mwaka 1998, bila shida. Ukiligeuza neno kwa neno unapata "have" na "yesterday" katika sentensi moja. Kiswahili chetu cha mtaani nacho kinamuunga mkono: "nimefika jana" tunaisikia kila siku, hata kama mwenye Kiswahili sanifu angependa "nilifika jana". Kwa hiyo mwanafunzi wako hajazembea. Anafuata mantiki safi ya lugha anazozijua, ila Kiingereza ndicho chenye sharti la ziada: ukitaja saa au siku iliyokwisha kupita, "have" inaondoka.

Sharti hilo usiliandike ubaoni kwanza. Anza pale ambapo Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana, yaani kwenye "-ja-". "Sijapata kadi", "hajafika", "hatujala": kwa vitenzi vya matendo kama hivi, karibu kila mara ukiweka "haven't" au "hasn't" na "yet" umepatia. Watu wazima wanafurahi wakigundua kwamba kitu walichodhani ni cha Wazungu wanacho tayari mdomoni. Kisha "nimeshapata", na hapo "already" inaingia yenyewe. Ukishatua hapo, walete kwenye mazungumzo haya mafupi, wawili wawili:

"Have you been to Mbarara?"
"Yes, I have."
"When did you go?"
"I went in March."

Mistari minne tu, lakini angalia kazi inayofanyika kati ya wa pili na wa tatu. Neno "when" likiingia, "have" inatoka na wakati uliopita unaingia. Mwanafunzi anapita kwenye bawaba ileile mara 20 kwa dakika kumi, kila mara na habari ya kweli: kusaga mahindi, kujiandikisha ofisini, kumpigia ndugu simu. Rudieni keshokutwa kwa dakika tano, halafu tena wiki ijayo. Dakika tano zilizorudiwa mara nne zina faida kuliko saa nzima ya siku moja. Neno la tahadhari hapa: maswali usichague ovyo. "When did you leave your home?" ni sarufi nzuri kabisa, na inaweza kumliza mtu mbele ya wenzake. Mbarara inatosha.

La pili, "I have tired", linatoka kwenye "-me-" yenyewe. Kiambishi hiki kina kazi mbili ambazo sisi hatuzioni kwa sababu tumekua nazo. "Amenunua unga": tendo limekwisha, matokeo yapo, Kiingereza kinasema "has bought". Lakini "amechoka", "amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa koti", "ameshiba", "amekasirika": hapa hatusimulii tendo, tunaeleza hali aliyomo mtu sasa hivi. Kiingereza kinaihesabu kuwa ni sasa: "is tired", "is asleep", "is sitting", "is standing", "is wearing a coat", "is full", "is angry". Sijaona kitabu cha Kiingereza kilicholetwa kutoka nje kinacholigusa jambo hili, na kosa si lao. Hawakuandika wakimfikiria mtu wa Goma. Kundi hili lifundishe kama kundi, kama vile ngeli. Mwambie mwanafunzi mmoja asimame, mwingine akae, wa tatu ajifanye amelala, darasa liseme linachokiona. Swali la kuwauliza ni moja, kwa Kiswahili: "Ni kitu alichofanya, au ndivyo alivyo sasa?" Wakishaweza kulijibu, umbo la Kiingereza halisumbui sana.

Hapo nimeshakujibu nusu ya swali lako la Kiswahili. Kitumie. Hata mtaala wa nchi hii tangu 2007 unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu la msingi afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na la nne liwe la kuvuka kwenda Kiingereza. Sembuse mama wa miaka 40 aliyetoka shambani saa kumi. Ila msimamizi wako naye ana hoja, usimpuuze. Ukieleza sarufi kwa Kiswahili nusu saa, umefundisha isimu, na Kiingereza hawajakisema. Mimi hujipa dakika tatu za Kiswahili kwa ajili ya maana, kisha kinywa changu kinafungwa na vyao vinafunguka. Na kama darasani kuna Msomali asiyejua Kiswahili, dakika hizo tatu zinamwacha nje. Kwake tumia picha na vitendo.

Kuhusu kusahihisha. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wao wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Waliona kwamba njia iliyopendwa zaidi na walimu ni kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba ndiyo iliyomfanya mwanafunzi ajisahihishe kwa nadra kuliko nyingine. Ukisema "Oh, you saw him yesterday" na kuendelea, yeye anasikia kwamba umemwelewa, basi. Badala yake sema "Yesterday?" na unyamaze. Mpe nafasi alitafute mwenyewe. Lakini fanya hivyo kwa kosa mlilolilenga siku hiyo tu. Nilipokuwa kijana nilisahihisha kila kitu katika shule moja niliyofundisha, na kufikia katikati ya muhula waliokuwa wakinyoosha mkono ni wawili, wote watoto wa walimu.

Mengine nipite haraka. "He go" bila "s" utaisikia muda mrefu; tafiti za miaka ya 1970 kuhusu wanaojifunza Kiingereza ziliiweka "s" hiyo miongoni mwa vitu vinavyochelewa kukaa mdomoni, ingawa kanuni yake ni ya mstari mmoja. "He" na "she" zinachanganywa kwa sababu "yeye" haina jinsia. Mchezo wa picha za familia unasaidia. "I have 20 years" ni Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Ifundisheni kama salamu, bila uchambuzi.

"A" na "the" zinastahili neno moja zaidi. Kiswahili sanifu kina mlango wake: "nimeona kitabu" ni kitabu chochote, lakini "nimekiona kitabu" ni kile tunachokijua. "-ki-" hiyo inakupeleka karibu sana na "the". Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Kivu kimepunguza ngeli, hivyo baadhi ya wanafunzi wako mfano huo hautawagusa. Kwao tumia "un" na "le", ukiwaonya kwamba Kifaransa husema "j'aime le café" kwa kahawa yoyote duniani, na Kiingereza "I like coffee" mikono mitupu.

Na zile nyakati 12, tano zinawatosha kwa mwaka huu: "I go", "I am going", "I went", "I will go", "I have gone". "I will have been going" mimi mwenyewe sijaihitaji tangu nianze kupokea mshahara.

Jumatatu chukua simu yako, muulize kila mmoja jana alifanya nini, urekodi dakika moja bila kumkatiza wala kumsahihisha. Fanya hivyo tena baada ya wiki sita, swali lilelile. Msimamizi akija na hoja ya Kiingereza kitupu, msikilizishe rekodi zote mbili za mtu mmoja, kwa mfuatano.