C ya kalkulasi haijaua mtu, ila subirini kidogo

Mmeuliza wiki hii mzazi afanyeje mtoto akishusha maksi mwaka wa mwisho wa haiskuli huku Marekani na maombi ya chuo yameshaenda. Mi sio mzazi, ni dada mtu, mdogo wangu nimeishi naye hapa Houston mpaka kaingia chuo, na kwa nilivyoona mtoto mwenyewe anajijua ana C, wanaohitaji kutulizwa ni sisi wakubwa.

Sisi wa Tanzania hii kitu inatuchanganya kwa sababu kwetu Form Six unapiga pepa Mei, matokeo Julai, ndo unaomba chuo, imeisha hiyo. Huku mtu anaweza kupokelewa hata Desemba na masomo bado yanaendelea, shule inatuma ripoti ya nusu mwaka kwenye Januari au Februari, halafu akimaliza inatuma transkripti ya mwisho. Yaani mahari imeshatolewa ila bado wanachunguza tabia.

Sasa wa kwangu kapata C ya kalkulasi, kozi ya AP, zile za kiwango cha chuo zinazosomwa haiskuli. Natoka shifti ya usiku namkuta mezani na laptop, kafungua ile potali ya shule, naangalia mitihani 88, 84, 91, halafu hapo katikati masufuri ya homuweki yamejipanga mekundu. We, hizi nini? "Dada nilizifanya, sikuzisabmiti tu." Nikataka daftari, kweli bwana, kazi yote imo kwa penseli, mpaka grafu kazichora vizuri, zimelala humo tu. Mara mama huyo na video koli kutoka Tanga, kaona sura zetu kagoma kukata mpaka aambiwe, tukamwambia ni C, "sasa hiyo ni divisheni ngapi?", ukimwambia huku hakuna divisheni anaona mnamficha zero. Mjomba naye akadakia huko nyuma, waandikieni chuo mtoto aliumwa. Aliumwa nini na ubwabwa anamaliza sufuria!

Imeili ya kukiambia chuo mdogo wangu kaanza kuiandika mwenyewe, ikawa ndefu, nusu yake anamlaumu mwalimu, mwalimu hafundishi, mwalimu ana haraka. Mshauri wa shule akaisoma akamwambia futa yote, sema kilichotokea, sema unafanya nini sasa hivi, weka jina lako. Ikabaki mistari michache: homuweki sikuzituma, sasa natuma kila siku, mwalimu kakubali niende kwake baada ya vipindi. Mi nilichofanya ni kukaa pembeni na chai yangu nisiiguse ile kibodi, na mikono inawasha kweli. Chuo kikajibu asante, tumeiweka kwenye faili lako. Basi, ndo hivyo tu.

Ila hapa naandika huku najiona naongea kwa raha kwa vile ilikuwa C, tena moja. Ingekuwa D ningekuwa naimba wimbo mwingine. Barua ya kukubaliwa ukiisoma mpaka chini inasema nafasi yako inategemea umalize mwaka vizuri, na vyuo vinafuta nafasi kweli, tena taarifa inakuja kiangazi, deposit ya kushika nafasi ya Mei 1 umeshalipa na vyuo vingine umeshavikataa. University of California wao wanataka uwaambie mwenyewe ukipata D au F au ukiacha somo, wasije wakalikuta kwenye transkripti.

Kwa hiyo nimeanza kama nawaambia muwaache watoto, hapana, msiwaache. Potali ingieni, hata wakinuna, mpaka Juni huko, na mkiona sufuri ulizeni siku hiyohiyo. Imeili tu ndo aandike mwenyewe, labda kama kweli kuna msiba au ugonjwa, hapo mzazi au mshauri anaweza kuongezea neno. Na kama ana skolashipu, someni masharti yake kabla hamjampigia mtu simu nyumbani, maana chuo kinaweza kuimeza hiyo C vizuri tu halafu wa hela wakaigomea.