Programu ya kutabiri upepo wa miezi sita: usinunue

SWALI: Mhandisi, nina duka la samaki na friza zake Dunga, Kisumu, na nataka mtambo mdogo wa upepo. Fundi aliyenipimia upepo kwa wiki tatu sasa ananiuzia programu ya "nadharia ya machafuko". Anasema itanipa kasi ya upepo saa kwa saa, miezi sita mbele. Ninunue?

JIBU: Hapana. Swali hili linanifikia kila mara, na kinachoniuma ni kwamba nadharia hiyo (kwa Kiingereza "chaos theory") inasema kinyume kabisa cha wanachohubiri wauzaji hawa: kosa dogo la mwanzoni hukua mpaka utabiri wa mbali unaharibika.

Mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu yake ya hali ya hewa kwenye kompyuta. Mashine ilikuwa imehifadhi 0.506127, yeye akaingiza 0.506. Majibu yalifuatana kwa muda, kisha yakaachana mpaka hayakufanana tena hata kidogo. Kanuni zilikuwa zile zile, hapakuwa na bahati nasibu. Kile kijisehemu kilichokatwa ndicho kilichokua.

Sasa tazama kifaa ulichopimiwa upepo. Kinaposoma mita 4.3 kwa sekunde, upepo huenda ni 4.26 au 4.34. Kosa hilo linalishinda la Lorenz mara nyingi, nawe unaahidiwa miezi sita! Hali ya hewa ya siku fulani haitabiriki kupita takriban wiki mbili, hata kwa kompyuta kubwa.

Kinachojulikana ni tabia ya upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, usiku hugeuka. Wavuvi wa omena wanalijua hilo bila programu. Basi pima mwaka mzima, kwenye kimo kile kile utakachofunga mtambo, mbali na paa la mabati ambapo upepo hujikunja.

Wala usidanganywe na wastani, maana nguvu hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde kutwa nzima: 5×5×5, yaani 125. Nusu siku 3 na nusu siku 7, wastani bado ni 5, lakini 3×3×3 ni 27 na 7×7×7 ni 343, na wastani wa hizo mbili unafika 185. Ndiyo maana nataka rekodi ya saa ngapi upepo ulivuma kwa kasi gani.

Na ninyi wakulima wa mahindi wa Nakuru mnaouziwa "tarehe kamili ya mvua" kwa jina hilo hilo la machafuko: mwambieni muuzaji aandike utabiri wa mwezi ujao, siku kwa siku, autie sahihi, muufungie kwenye bahasha. Mwezi ukiisha, fungueni mlinganishe, ndipo mzungumze habari ya malipo.