Kabla Hujafunga ili Kusafisha Ubongo

Oktoba ya mwaka juzi, katika majira ambayo mibuyu ya Dodoma haina jani na upepo unabeba vumbi tangu asubuhi, mdogo wangu wa kiume alifunga chakula na maji akiamini kwamba anausafisha ubongo wake. Ana ugonjwa wa baipola, unaompandisha mtu kwenye wazimu na kumshusha kwenye huzuni nzito, tangu alipokuwa na miaka 22, na wakati huo alikuwa akitumia lithiamu, dawa ya kuutuliza ugonjwa huo, kwa zaidi ya mwaka. Ujumbe ulikuwa umemfikia kwenye simu ukieleza kwamba mwanasayansi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kuwa mwili wenye njaa hula uchafu wake wenyewe, na kwamba mwenye maradhi ya akili akifunga siku tatu ataziacha dawa. Siku ya pili jioni aliniuliza, "Dada, mbona mikono inanitetemeka hivi?" Kulipokucha siku ya tatu alikuwa anatapika, anayumba kama mlevi, na maneno yanamtoka kwa shida. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa maji, akapona. Hata hivyo, ujumbe ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana naona ni hatari kuupuuza tu badala ya kuueleza.

Jambo lenyewe huitwa otofajia, yaani seli kujila. Jina hilo lilitolewa mwaka 1963 na Christian de Duve wa Ubelgiji, ambaye kabla ya hapo alikuwa amegundua lisosomu, vifuko vya seli vyenye vimeng'enya vya kumeng'enya. Miaka ya 1990 Yoshinori Ohsumi alichunguza hamira na kuzitambua jeni zinazoiendesha kazi hiyo, na mwaka 2016 akapewa Nobel. Protini iliyoharibika, au mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati) iliyochoka, huzungushiwa utando wenye kuta mbili mpaka inakuwa ndani ya mfuko. Mfuko huo huungana na lisosomu, kilichomo humeng'enywa, na vipande vyake hutumika upya. Nikimweleza mama yangu nilimpa mfano wa fundi wa katambuga, ambaye tairi lililokwisha barabarani kwake ni kiatu ambacho hakijakatwa tu.

Kwa ubongo kazi hii ni nzito kuliko kwingine. Seli za ngozi na za utumbo huchakaa zikazaliwa nyingine, lakini seli nyingi za neva ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo, na uchafu ndani yake hauwezi kupunguzwa kwa kugawana na seli mpya. Tena seli hizo zina mikia mirefu, mingine ikikaribia mita moja, na mifuko mingi ya taka hutengenezwa kwenye ncha za mikia hiyo kisha husafirishwa njia nzima kurudi kwenye mwili wa seli. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti wa Japani yalizima jeni za otofajia katika neva za panya, na panya hao, bila kuwekewa ugonjwa mwingine wowote, walijaza mabonge ya protini ndani ya seli na kupoteza uwezo wa kutembea vizuri.

Kuhusu maradhi ya akili, ushahidi ni mwembamba zaidi, nami napenda tuuseme kwa kipimo chake. Katika ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia, watafiti wamekuta upungufu wa beklini 1, mojawapo ya protini zinazoanzisha otofajia, kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Lithiamu nayo, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kwamba hutuliza wagonjwa wenye wazimu wa kupanda, ilionyeshwa mwaka 2005 huko Cambridge, Uingereza, kuwa huiamsha otofajia ndani ya seli. Haijathibitishwa kwamba hiyo ndiyo njia inayomtuliza mgonjwa wa baipola. Lakini fikiria: mdogo wangu aliacha kuiamini dawa ambayo huenda inafanya kazi ileile aliyokuwa anaitafuta kwa njaa.

Na njaa yenyewe haiufikii ubongo kama inavyolifikia ini. Panya waliokoseshwa chakula, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2004, walionyesha otofajia nyingi kwenye ini na misuli, ilhali kwenye ubongo haikuonekana kuongezeka; utafiti mwingine wa mwaka 2010 ulikuta ongezeko katika baadhi ya neva. Mwili huulinda ubongo wakati wa njaa kwa kuupa chakula kwanza. Kutoka hapo mpaka kumwambia mgonjwa aache dawa ni mbali mno.

Kilichomuumiza ndugu yangu kilikuwa kiu. Figo huishughulikia lithiamu karibu kama zinavyoishughulikia chumvi, kwa hiyo maji na chumvi vikipungua mwilini, figo huzuia chumvi isitoke na lithiamu hubaki nayo. Kiwango kinachotakiwa kwenye damu kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kikipita 1.5 sumu huanza kujionyesha. Nafasi ni finyu, na jua letu linaifinya zaidi. Kuhara, homa na kutapika hufanya vivyo hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, nazo hupandisha kiwango, kwa hiyo sisi nyumbani tunabaki na parasetamoli. Damu hupimwa zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na ukipima asubuhi baada ya kumeza, kipimo kitakudanganya.

Kuna jambo la pili ambalo familia za waumini hatulitazami sana, nalo ni mkesha. Kukosa usingizi usiku mmoja au miwili kunatosha kumwamsha mwenye baipola kwenye wazimu, hata kama anakesha kwa jambo jema. Nakushauri umweleze kiongozi wako wa dini mapema, mgonjwa akiwepo, kabla mfungo haujaanza, na umwombe daktari akuandikie kwa maneno ya kawaida kile ambacho mgonjwa hapaswi kufanya. Mchungaji wetu alipoisoma karatasi ile alimwita mdogo wangu pembeni, wakakaa karibu saa nzima.

Kwaresima iliyopita aliacha sukari kwenye chai. Alikula ugali wa uwele na mlenda wenye chumvi yake ya kila siku, akanywa maji, na siku ya mkesha aliaga saa tatu usiku, nikamsindikiza nyumbani akalale.