Wasomaji wanauliza: Toyota ilizima imebaki raundi moja, mbona haikupewa hata nafasi ya pili?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nipo Unga Limited hapa Arusha, gereji kwetu kuna ubishi hauishi. Jamaa kaja na video kwenye simu ya Le Mans ya 2016, zile mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, Toyota inaongoza mpaka mwisho mwisho halafu inakuja kuzima zimebaki kama dakika tatu, Porsche inapita. Kupitwa tumekubali. Ila kwenye matokeo ile Toyota namba 5 haipo kabisa, si ya pili wala ya tatu, na waliopewa nafasi ya pili ni Toyota nyingine iliyokuwa nyuma yake! Wenzangu wanasema wale wazungu walimfanyia figisu Mjapani, mi nasema lazima kuna kanuni. Tuamulie.

JIBU: Kanuni ipo ndugu yangu, ila wenzako nawaelewa kabisa maana ile video inauma kila ukiiangalia. Ilikuwa Jumapili tarehe 19 Juni 2016, mbio zinaisha saa kumi jioni kwa saa za huku kwetu, na Kazuki Nakajima ndo yupo kwenye usukani, wenzake wawili Anthony Davidson na Sébastien Buemi wameshamaliza zamu zao wapo na mafundi wanasubiri kushangilia. Toyota ilikuwa haijawahi kushinda Le Mans hata mara moja, imeanza kuitafuta tangu miaka ya themanini, sa fikiria mnafika hapo. Gari ikaanza kukosa nguvu, Nakajima akapiga redio, ikajikokota jikokota mpaka mbele ya jukwaa kuu ikavuka mstari ikasimama palepale, mafundi wake wanaiona kwa macho yao. Neel Jani na Porsche namba 2 akapita.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Nakajima aliiwasha tena akaimalizia ile raundi ya mwisho, na kwa hesabu ya raundi alifikisha 384, sawasawa na Porsche iliyoshinda. Tatizo ni kwamba kanuni ya wakati ule ilitaka raundi ya mwisho uimalize ndani ya dakika 6, yeye alitumia karibu dakika 12, kwa hiyo akatolewa kwenye matokeo, nafasi ya pili ikaenda kwa Toyota namba 6 iliyokuwa na raundi 381 na ya tatu wakachukua Audi.

Mnaweza kusema ni roho mbaya, lakini kanuni kama hiyo ina sababu. Zamani gari ikiharibika dereva alikuwa anaiegesha karibu na mstari, anakaa kusubiri saa ifike, halafu anaivusha kwa kujikongoja anahesabiwa kamaliza. Hizi ni mbio za kupima gari na watu kwa saa 24 nzima, gari ikivuka mstari iwe inakimbia kweli. Mi kanuni naiunga mkono, na Nakajima namuonea huruma mpaka leo, vyote viwili kwa pamoja. Figisu hapakuwa.

Na kwa kuwa nyie ni mafundi, kilichoharibika hamtashangaa. Toyota wenyewe walipochunguza walisema ni kiungio cha bomba la hewa kati ya turbo, ile inayosukumia injini hewa, na intakula, kipoza hewa hiyo. Hiyo mnaijua, Fuso ikipanda mlima wa Marangu kwenda Rombo bomba la intakula likachomoka, injini inaunguruma vizuri tu lakini gari haivuti. Yaani injini nzima ya V6 ipo salama, mfumo wa haibridi, ule wa kusaidiwa na umeme, upo, kinachokatisha ni kiungio!

SWALI: Kaka mi nipo Majengo, Moshi. Kwa hiyo ushindi wa Porsche wa 2016 tuuite wa bahati? Kuna mjomba hapa anasema haufai hata kuhesabiwa.

JIBU: Mwambie mjomba unahesabika, tena sana. Jani, Romain Dumas na Marc Lieb walikuwa nyuma lakini hawakuacha kukimbiza, na ndo maana ilipozima walikuwepo wa kupita. Toyota nao walirudi, wakashinda 2018, na waliokuwa kwenye lile gari ni Buemi, Nakajima huyohuyo na Fernando Alonso. Mi nilifurahi kwa ajili ya Nakajima kuliko mtu yeyote.

SWALI: Ngaramtoni hapa. Mwisho mkali kuliko huo upo?

JIBU: Kwa kuzima dakika za mwisho, mi sijaona. Ila kwa kukabana koo kuna ya 1969, Jacky Ickx na Ford alimshinda Hans Herrmann wa Porsche kwa mita kama 120 hivi baada ya saa 24, walikuwa wanapitana raundi za mwisho zote. Na huyo Ickx wakati wa kuanza, wenzake wanakimbia kwa miguu kuwahi magari yao kama ilivyokuwa desturi, yeye alitembea taratibu akafunga mkanda ndo akaondoka wa mwisho, anapinga ule utaratibu kwa sababu watu walikuwa wanaondoka bila kufunga mikanda. Siku hiyohiyo raundi ya kwanza alikufa dereva John Woolfe. Mwaka uliofuata madereva wakaanza wakiwa wameshakaa ndani wamefunga mikanda.

SWALI: Na huku kwetu je? Babu yangu hapa Moshi anasema Safari Rally ilikuwa inapita Tanganyika.

JIBU: Babu yuko sahihi, ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Muulize na ya 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote na Datsun, walimaliza sare kabisa kwa pointi za adhabu baada ya maelfu ya kilomita za matope na vumbi. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Hiyo nayo ni kanuni, na hiyo nayo watu waliibishania.