Kumkinga Kijana wa Makao Dhidi ya Vilevi: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Ustawi

Mwenzangu unayeanza kazi ya ustawi wa jamii hapa Arusha au kule Moshi, iwe umesoma Tengeru, Kijitonyama au chuo kingine, jambo la kwanza utakaloombwa kuhusu dawa za kulevya huenda likawa semina. Utaambiwa uandae mada, ulete picha za kutisha na, ikiwezekana, umwalike kijana aliyewahi kutumia unga aje atoe ushuhuda. Ningekushauri usianzie hapo. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, ambavyo Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani walivitoa upya mwaka 2018, vinaeleza kwamba vitisho na ushuhuda wa waliowahi kutumia havina matokeo mazuri, na wakati mwingine huleta madhara. Isitoshe, mtoto aliyelala stendi anaijua gundi ya kunusa kuliko mtoa mada.

Uzoefu umenionyesha kwamba hatari ya kijana aliye chini ya uangalizi wetu hailingani mwaka mzima, bali hupanda sana anapohama: anapotolewa mtaani na kuletwa makao ya watoto, anapokwenda kwa ndugu wakati wa likizo, anapobadilishiwa mlezi, na anapotimiza miaka 18. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga ni kuzipanga siku hizo kabla hazijafika.

Mchukue mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akiishi stendi ya Arusha au pembezoni mwa soko la Mbuyuni, Moshi. Gundi aliyokuwa akiinusa ilikuwa na kazi zake: ilimpunguzia njaa, ilimsahaulisha baridi ya Juni na Julai, na ilimpa usingizi mahali ambapo haikuwezekana kulala bila kushtuka. Ukimnyang'anya kichupa bila kumpa kitu kitakachofanya kazi hizo tatu, ataondoka, wala hatakuwa amekudharau. Ndiyo maana katika siku za mwanzo naona chakula cha usiku cha kushiba, blanketi la pili na mtu mzima anayelala karibu vina uzito kuliko kikao chochote cha ushauri nasaha. Muulize gundi ilikuwa ikimsaidia nini, lakini muulize mkiwa mnamenya ndizi au mnafua, na usitumie sauti ya mpelelezi, kwa kuwa wengi wao wameshahojiwa na polisi na mgambo na wamejifunza kujibu kile anachotaka kusikia anayeuliza. Aliyekuwa akitumia heroini, au aliyezoea kunywa pombe kali kila siku, asiachishwe kwa nguvu ndani ya makao. Apelekwe hospitali, maana kuacha pombe ghafla kwa aliyeizoea sana huweza kuleta degedege na hata kifo.

Likizo ya Desemba ina mambo yake, hasa upande wa Kilimanjaro, familia zinapopanda kurudi Rombo, Marangu na Machame. Mbege, yaani pombe ya ndizi, inapikwa, kata inazungushwa, na kijana wa miaka 15 aliyetoka makao anapewa naye ili aonekane kuwa ni wa ukoo. Sina ugomvi na mbege wala na wazee wanaoinywa. Ila kwa kijana aliyekaa miaka kadhaa bila kwao, kuikataa kata ile ni sawa na kuwakataa ndugu, na ukimwambia tu asinywe, umemtwisha mzigo ambao hata mtu mzima ungemlemea. Tangulia wewe, au piga simu ikiwa nauli haipo, uzungumze kwa heshima na babu, bibi au shangazi atakayempokea, ili yeye ndiye aseme mbele ya wengine kwamba mjukuu huyu bado ni mdogo na atapewa soda. Akirudi, mpe muda kabla ya kumhoji, kwa kuwa ziara iliyoharibika huonekana zaidi siku ya pili au ya tatu.

Licha ya hayo yote, ipo siku utakuta msokoto wa bangi au kifurushi cha mirungi chini ya godoro. Vyote viwili vimepigwa marufuku na vyote viwili hulimwa kwa siri katika mikoa yetu hii, kwa hiyo usishangae sana. Utasikia wenzako wakitaka kijana afukuzwe ili wengine waogope. Mimi napinga. Kumfukuza ni kumrudisha penye kilevi bila mlezi, bila shule na bila chakula, na wanaobaki hujifunza kuficha vizuri zaidi. Adhabu iwepo, lakini aipate akiwa bado ndani ya makao. Pia usiwakusanye wote waliokutwa na kilevi katika kikundi kimoja cha marekebisho, jambo ambalo ratiba yetu finyu hutushawishi kulifanya. Utafiti wa Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin, uliochapishwa Marekani mwaka 1999, ulionyesha kwamba vikundi vya namna hiyo vinaweza kuzidisha tabia vilivyokusudia kuipunguza. Mchanganye kijana na wenzake wa mpira, kwaya au bustani, na uzungumze naye peke yake.

Kuhusu jalada la kijana, andika tukio badala ya kumpa mtu jina. Ukiandika kwamba alikutwa amevuta bangi mara moja baada ya mama yake kukosa kufika, msomaji atajua la kufanya; ukiandika kwamba ni mvuta bangi, maneno hayo yatamfuata shuleni, kwa familia ya malezi ya kambo na mbele ya Mahakama ya Watoto.

Limebaki suala la kuondoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na wapo vijana wanaojikuta nje wakiwa na begi na cheti tu. Anza maandalizi akiwa na miaka 16: nafasi katika chuo cha ufundi stadi cha VETA au kwa fundi anayeaminika, chumba kisichopakana na kilabu cha pombe, na mtu mzima mmoja aliyekubali kwa kinywa chake kupigiwa simu hata usiku. Mkutanishe kijana na mtu huyo mapema, wazoeane akiwa bado anaishi makao.