Esansi au mazutu kwa kamioneti ya mizigo?

Ndugu yangu, umeuliza kama kamioneti mpya ya kupeleka unga kutoka Lubumbashi hadi Likasi, na siku nyingine kuzungukia wateja wa mjini, iwe ya esansi (petroli) au ya mazutu (dizeli). Kwa barabara ya kilomita 120 hivi ukiwa na mzigo mzito, mimi ningechukua mazutu bila kusita: injini hiyo huwasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa, huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na hunywa kidogo. Tena Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake; injini za mazutu za kisasa kwa kawaida huwa nayo.

Kinachonitia wasiwasi ni mafuta yenyewe. Pampu na injekta (vinyunyizio vya mafuta) za kisasa hazivumilii maji wala uchafu, kwa hiyo usinunue mazutu ya madumu kando ya barabara, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Ikiwa gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, safari fupifupi za mjini huliziba, na mazutu yenye salfa nyingi huliziba upesi zaidi. Basi kama Likasi utakwenda mara moja tu kwa mwezi, chukua esansi.